Mirathi: Je, Tuuze Ng'ombe Tumlipe Wakili?

Mwezi wa tisa mwaka 2023 nilipanda Heru Juu kukagua mibuni. Hiyo ni kazi yangu ya kila mwaka. Mavuno yakiisha na mvua zikikaribia, mkulima hupogoa mibuni yake, huondoa maotea, hupalilia na kuweka samadi. Asiyefanya hivyo asitegemee kahawa nzuri msimu ujao.

Nilifika kwenye shamba moja ninalolijua sana. Kwa miaka mingi lilikuwa shamba la mfano. Wakulima wengine nilikuwa nikiwapeleka pale wajifunze. Lakini siku hiyo nilisimama nikashangaa. Maotea yalikuwa yamerefuka kupita kimo cha mtu. Magugu yalifika magotini. Buni zilizoiva zilikuwa zimeanguka na kuoza chini ya miti.

Mama mwenye nyumba alitoka. Tulisalimiana kwa Kiha na kwa makofi, kama ilivyo desturi. Kisha nikamwuliza, "Mama, kulikoni? Mbona shamba limelala?"

Alijibu, "Bwana Shamba, mzee alitutoka mwezi wa nne. Tangu siku hiyo sina ruhusa ya kukata hata tawi moja. Shemeji amesema mtu asiguse kitu mpaka mirathi iishe. Na mirathi haiwezi kuanza mpaka tuuze ng'ombe tumlipe wakili."

"Nani amesema hivyo?"

"Kijana mkubwa wa nyumba ya kwanza ameambiwa na mtu mmoja huko mjini. Bila wakili faili halifunguliwi. Yule mtu anataka ng'ombe mmoja kwanza, na mwingine kazi ikiisha."

Ndugu msomaji, ng'ombe wa marehemu walikuwa wawili tu.

Nimeandika habari hii kwa sababu jambo hili si la nyumba moja. Katika kazi yangu nimeona mashamba mengi yakifa pamoja na wenyewe. Hayafi kwa chulebuni wala kwa kutu ya majani. Yanakufa kwa sababu watu wa nyumba wamekaa wakingoja, wakigombana, au wakitafuta fedha za kumlipa mtu wa kuwasaidia. Je, ni kweli kwamba mirathi haiwezekani bila wakili? Tulijadili swali hilo pamoja na familia ile. Leo tulijadili na wewe.

KIKAO CHINI YA MPARACHICHI

Jumapili iliyofuata familia iliniita. Walikaa chini ya mparachichi: mjane, watoto wa nyumba zote mbili, baba yao mdogo, na wazee wawili wa ukoo. Mke wa kwanza wa marehemu alikuwa amefariki zamani.

Niliwaambia mapema, "Mimi nina cheti cha kilimo. Sina cheti cha sheria. Nikiwaambia habari za mibuni, niaminini. Nikiwaambia habari za mahakama, nendeni mkahakikishe."

Kisha niliwauliza maswali matatu. Marehemu aliacha mali gani? Aliacha madeni gani? Na katika hayo yote, ni kipi mnachogombania?

Walitaja mali. Shamba la kahawa na migomba karibu na nyumba. Kipande kimoja cha bondeni cha kulima maharage wakati wa kiangazi. Nyumba ya bati. Ng'ombe wawili. Fedha kidogo za kahawa ambazo chama cha msingi kilikuwa hakijamlipa. Deni lilikuwa moja tu, la mbolea.

Nilipouliza wanagombania nini, walinyamaza. Baadaye baba mdogo alisema, "Hatugombanii shamba. Tunagombania nani awe mkubwa."

Na kile kipande cha bondeni? Mzee mmoja alieleza kwamba jirani anadai aliuziwa na marehemu. Hakuna aliyewahi kuona karatasi.

Nikawaambia, "Mkulima haweki dawa kabla ya kumjua mdudu. Ukinyunyiza dawa ya kutu kwa mdudu, umetupa fedha, na mdudu bado yupo. Hapa mna magonjwa mawili tofauti. La kwanza ni kupata msimamizi. La pili ni kipande cha bondeni. Tusiyachanganye. Na ng'ombe asiuzwe kwanza."

Kwa nini asiuzwe? Kwa sababu ng'ombe yule alikuwa wa marehemu. Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa na idhini ya kumwuza: si mtoto mkubwa, si mjane, si baba mdogo. Ambaye angemwuza angeanza mirathi kwa kosa. Warithi wengine wangekuwa na haki ya kumdai.

TULIYOAMBIWA MAHAKAMANI

Jumatatu tulikwenda Mahakama ya Mwanzo. Tulikuwa wanne: mjane, kijana mkubwa, baba mdogo na mimi. Tulimwuliza karani swali moja tu: "Je, ni lazima tuwe na wakili ili tufungue mirathi?"

Jibu lilikuwa fupi. Si lazima.

Nilisoma zaidi baada ya siku ile, nikawauliza wanaojua. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mirathi ya mtu aliyeishi kwa mila za kwao, au mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu, inaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo zilitolewa mwaka 1971. Kanuni hizo zina fomu maalum. Fomu hizo hujazwa na mwombaji mwenyewe. Asiyejua kuandika huomba asaidiwe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Sheria ilikataza. Maelfu ya mirathi ya wakulima wa nchi hii yalimalizwa bila wakili hata mmoja kuingia mahakamani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Sasa wakili anaweza kusimama katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Anaweza kusimama. Haikusemwa kwamba lazima asimame.

Sheria inaruhusu pia jambo jingine. Katika shauri la madai, mtu akiomba, Mahakama ya Mwanzo inaweza kumkubali ndugu yake au mtu wa nyumbani kwake asimame badala yake. Bibi mzee asiyeweza kutembea anaweza kumwomba mjukuu wake.

Basi yule mtu wa mjini aliyesema faili halifunguliwi bila wakili alikuwa anasema uongo. Tulipouliza zaidi, tukakuta yeye mwenyewe si wakili. Ni mtu wa kuandika barua tu.

KAZI ZENYEWE NI HIZI

Ndugu msomaji, hebu tuzipange kazi za mirathi kama tunavyopanga kazi za shamba, moja baada ya nyingine.

Kwanza, andikisha kifo. Pata cheti cha kifo. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa yake. Kikitokea nyumbani, anza kwa mtendaji wa eneo lako naye atakuelekeza. Vyeti hivyo vinasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Bila cheti utasumbuka kila mlango.

Pili, fanyeni kikao cha familia. Andikeni muhtasari. Muhtasari utaje waliohudhuria, warithi wote, mali zote, na jina la mnayempendekeza kuwa msimamizi. Kila mtu atie sahihi au dole gumba. Lakini mwelewe: kikao kinapendekeza tu. Anayeteua ni Mahakama.

Tatu, mwombaji hupeleka maombi mahakamani. Mahakama hutoa tangazo ili kila mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hilo ni kinga yenu. Mtoto aliyesahauliwa anaweza kulisoma. Mtu anayemdai marehemu anaweza kulisoma.

Nne, Mahakama humteua msimamizi. Inaweza kuteua mmoja au zaidi ya mmoja. Mahakama huangalia pia matakwa ya marehemu, kama aliyasema. Ikiona ndugu hawapatani kabisa, inaweza kumteua mtu mwingine mwaminifu asiyependelea upande wowote.

Tano, msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha hugawa kwa warithi. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa ni lazima apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni. Baadaye hupeleka hesabu ya jinsi alivyosimamia. Akihitaji muda zaidi, huiomba Mahakama.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Msimamizi si mrithi wa mali yote. Ni mtumishi wa warithi. Ni kama karani wa chama cha msingi anayepima kahawa ya wanachama. Mizani iko mikononi mwake, lakini kahawa si yake. Msimamizi akila mali, warithi wanaweza kwenda Mahakamani kuomba aondolewe. Mahakama ina uwezo wa kufuta uteuzi wake.

Katika kazi hizi tano, ni ipi isiyowezekana kwa mtu mwaminifu anayejua kusoma na kuandika? Hakuna. Zinahitaji ukweli, subira na utunzaji wa karatasi. Sifa hizo hazinunuliwi kwa ng'ombe.

JE, WAKILI HANA KAZI?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mawakili hawafai. Homa ndogo hutibiwa zahanati. Lakini mtu akivunjika mfupa, usimkalishe zahanati. Mpeleke hospitali. Kuna mirathi iliyovunjika mfupa. Dalili zake ni hizi:

Mtu anapinga wosia, akisema ni wa kughushi, au kuna wosia miwili inayopingana.

Kuna watoto au wake wanaokataliwa na familia, na hakuna anayetaka kusuluhishwa.

Marehemu alikuwa na mali nyingi katika wilaya mbalimbali: viwanja vyenye hati, mkopo wa benki, hisa za kampuni, au mali katika nchi nyingine.

Mirathi haifuati mila wala sheria ya Kiislamu. Mirathi hiyo haiendi Mahakama ya Mwanzo. Huenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali. Huko taratibu ni ndefu. Mtu asijidanganye kwamba kuwa Mkristo peke yake kunamtoa katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama huangalia maisha marehemu aliyoyaishi na aliyoyakusudia. Ukiwa na shaka, uliza kabla ya kufungua. Mirathi iliyofunguliwa mahakama isiyo yake inaweza kufutwa baada ya miaka, na kazi yote ikarudi mwanzo.

Mali imekwisha kuuzwa au kukamatwa na mtu wa nje. Migogoro ya ardhi na watu wa nje ina mabaraza yake. Haimalizwi kwa maneno ya kikao cha ukoo.

Shauri limekatiwa rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka hapo huenda Mahakama Kuu. Zamani watu wa Kigoma walisafiri mpaka Tabora kwa ajili ya Mahakama Kuu. Siku hizi ipo Kigoma mjini. Lakini sababu za rufaa huandikwa kwa maandishi, na siku zikipita mlango hufungwa. Hapo msaada wa mtu anayejua sheria una faida kubwa.

Na wenzetu wa nchi nyingine je? Hata Uingereza, nchi yenye mawakili wengi, familia inaweza kuomba yenyewe kusimamia mali ya marehemu wao. Huko nako watu hukaa mezani wakijiuliza: tumwajiri wakili, au tufanye wenyewe? Nao hujibiwa vilevile: inategemea mali na ugomvi.

MJANE NA BINTI WASIOGOPE

Wakati tunarudi kutoka mahakamani, mama yule aliniambia jambo zito. "Bwana Shamba, mimi nilitaka wakili kwa sababu naogopa. Ninajua wanaume wakikaa, mwanamke hupewa jembe tu."

Hofu yake ina sababu. Mila nyingi za urithi katika nchi yetu zilimpa mjane na binti sehemu ndogo, au hazikuwapa kitu. Lakini hapa Heru tusisahau historia yetu. Mwami Tereza Ntare alikuwa mwanamke, naye alitawala Heru tangu miaka ya 1940. Kama mwanamke aliweza kukalia kiti cha Heru, kwa nini mwanamke mwingine asirithi mibuni 200?

Sheria nayo imesogea mbele. Kuna shauri moja maarufu kutoka Muleba, mkoa wa Kagera. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alishtaki, akisema kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na kijana. Mama akakata rufaa, na Mahakama ya Wilaya ikampa haki yeye. Kijana naye akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inabagua, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza shamba alilorithi.

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Tena mjane akumbuke jambo hili. Kitu alichonunua mwenyewe kwa fedha yake si mali ya marehemu. Kisiingizwe katika orodha ya mirathi. Na mirathi ikifuata sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake linalojulikana: sehemu ya 8 kama marehemu aliacha watoto, na sehemu ya 4 kama hakuacha.

Basi mjane asiyesikilizwa afanye nini ikiwa hana fedha? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Mwaka 2023 pia ilianzishwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Usiuze ng'ombe kabla hujauliza.

UKIAMUA KUMWAJIRI WAKILI

Kama mirathi yenu ina mfupa uliovunjika, mwajirini wakili. Lakini mwajirini kwa akili. Mtu akinunua ng'ombe wa maziwa humkagua chuchu na meno. Na wakili akaguliwe.

Hakikisha ni wakili kweli. Wakili wa kweli ameandikishwa katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama, na ana leseni ya mwaka huu. Anaweza kukuonyesha. Anayekasirika ukimwuliza, mwache.

Uliza atafanya kazi gani hasa. Kusimamia mirathi yote? Kuandika rufaa tu? Kutoa ushauri wa saa moja? Si lazima ununue gunia zima ikiwa unahitaji kilo mbili.

Uliza bei na iandikwe. Lipa kwa hatua, kila hatua na risiti yake.

Uliza anamtetea nani. Wakili wa kaka si wakili wa dada. Kama mmemwajiri wote, makubaliano yaonyeshe hivyo, na yaonyeshe malipo yanatoka wapi.

Usitie sahihi kwenye karatasi tupu. Usitoe karatasi halisi bila kubaki na nakala na kuandikiwa kwamba amezipokea.

Usiahidi kipande cha shamba badala ya fedha. Shamba la mirathi si lako mpaka ligawiwe.

MWISHO WA HABARI ILE

Sasa nimalize habari ya Heru Juu. Familia ilirudi chini ya mparachichi. Walibishana tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Mwishowe walikubali kupendekeza wasimamizi wawili: kijana mkubwa wa nyumba ya kwanza, na mjane wa nyumba ya pili. Mzee mmoja alisema, "Jungu moja, mapishi mawili. Kila mmoja atamwangalia mwenzake asizidishe chumvi."

Mahakama iliwateua mwezi wa kumi na moja. Wiki hiyohiyo waliwaita vijana, wakakata maotea na kupalilia. Deni la mbolea lililipwa kwa fedha za kahawa zilizokuwa chamani. Orodha ya mali ilipelekwa kabla ya miezi 4 kuisha. Binti mmoja, aliyemaliza darasa la saba, ndiye aliyeandika kila shilingi katika daftari la shule.

Na kile kipande cha bondeni? Hapo walitafuta mtu wa sheria. Hawakuuza ng'ombe. Walichanga kidogo kidogo, wakalipia ushauri wa wakili kwa jambo hilo moja. Aliwaeleza ushahidi gani unahitajika na baraza gani la kwenda. Jirani alipoona wamejipanga, alileta karatasi yake. Ilionekana kwamba marehemu alikuwa amekodisha kipande kile kwa misimu mitatu, hakukiuza. Misimu ikaisha, bonde likarudi.

Sitasema kila kitu kilikuwa kizuri. Baba mdogo alikasirika, na siku ya kugawana hakuja. Nyumba ya kwanza bado inasema nyumba ya pili imependelewa mibuni iliyo karibu na maji. Na msimu mmoja wa kahawa ulikwisha kupotea, haurudi tena. Mbuni uliokosa kupogolewa hausikilizi sababu zenu.

Lakini ng'ombe wote wawili wapo. Mmoja amezaa. Samadi yao iko shambani. Mwaka 2024, mwezi wa tisa, nilipopita tena, yule mama alinionyesha matawi mapya ya mibuni. Akaniambia, "Bwana Shamba, nilifikiri wakili ni mlango. Kumbe mlango ulikuwa wazi. Sisi ndio tulikuwa tumeusimamia njiani."

Ndugu msomaji, usingoje kifo ndipo ufikiri. Wewe uliye hai leo, andika mali zako na madeni yako. Andika mashamba na mipaka yake. Ukikodisha shamba, andikishianeni mbele ya mashahidi. Andika wosia wako. RITA husaidia kuandika na kutunza wosia. Karatasi moja uliyoandika ukiwa hai inaweza kuwaokolea watoto wako ng'ombe wawili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwandishi aliwaambia wasiuze ng'ombe kabla ya msimamizi kuteuliwa?

2. Msimamizi wa mirathi ana tofauti gani na mrithi?

3. Taja mambo matatu yanayoonyesha kwamba familia inahitaji wakili.

4. Katika kijiji au mtaa wenu, je, wajane na mabinti wanapata sehemu yao? Kama hawapati, mtafanya nini?

5. Je, wewe umeandika mali zako na madeni yako? Kama bado, utaanza siku gani?